Nilimfuata Mickey Mouse Florida, Nikakutana na Lamu!

Mume wangu ana miaka minne. Msishtuke! Ni mjukuu wangu wa mwisho, mtoto wa mwanangu anayeishi Atlanta kule Marekani, na kwa utani wetu Waswahili mjukuu wa kiume ndiye mume wa bibi yake. Ana dada zake wawili, wake wenzangu, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 11. Julai mwaka 2024 sote tukaamua kutoka auti. Siyo Coco Beach, siyo Kunduchi. Tulikwenda Walt Disney World, Florida!

Sikufichi msomaji, nilikuwa na yangu moyoni. Wajukuu hawa Kiswahili hawakijui. Wanajua “shikamoo” na “ugali”, basi, kamusi yao imekwisha. Mkubwa nikimsemesha Kiswahili mbele ya rafiki zake, anaangalia viatu. Na mimi Kiingereza changu ni cha kufundishia darasa la tano. Wao wakianza kuteleza na hicho chao cha puani, naachwa kituoni. Nilikuwa na wiki sita tu za kukaa nao. Nikajiuliza, hivi nikishaondoka watanikumbuka kwa lipi? Kwa bibi aliyekaa kwenye kochi akisinzia mbele ya televisheni?

Basi bwana, mwanangu akakaa mezani na kalamu. Nikamwona anakuna kichwa. Kule mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure. Wa miaka 3 hadi 9 ana tiketi yake ya mtoto, ambayo bei yake haipishani sana na ya mkubwa. Akishafika 10, huyo ni mtu mzima. Yaani mke mwenzangu wa miaka 11 kahesabiwa mtu mzima, na mtu mzima huyo bado analala na taa inawaka! Tiketi ya mtu mzima ni zaidi ya dola 100 kwa siku moja. Nikazibadilisha kichwani kuwa shilingi, nikaomba maji ya kunywa.

Tena msidhani ni bustani moja yenye bembea na ukuta. Ni eneo la kilomita za mraba kama 100, lenye bustani kubwa nne. Magic Kingdom ilifunguliwa mwaka 1971, EPCOT ikafuata mwaka 1982, ile inayoitwa sasa Hollywood Studios ikafunguliwa mwaka 1989, na Animal Kingdom mwaka 1998. Ukisema utazimaliza zote kwa siku mbili unajidanganya mwenyewe.

Sisi tukajidanganya. Tulitoka Atlanta kwa gari, kilomita kama 700, ni kama unatoka Dar unaipita Arusha. Asubuhi yake, geti la Magic Kingdom linafunguliwa, sisi hao! Mwanangu ana orodha mkononi, tunakimbizana kama tumekosa basi la mwisho Kariakoo. Jua la Florida mwezi wa Julai linachoma, na mchana ikaja mvua ya radi ikatulowesha chapachapa. Magoti yangu yakaanza kuniimbia taarabu. Mkamwana wangu, mtoto wa watu mpole kweli, akaanza kujibu kwa mkato. Usiku fataki zikapigwa juu ya lile jumba la kifalme, mbingu nzima nyekundu na dhahabu. Mume wangu anakoroma begani kwa baba yake. Wa kati analia viatu vinambana. Mkubwa hasemi na mtu.

Hakuna wa kumlaumu, tulijitakia wenyewe. Kesho yake nikaitisha baraza hotelini. Nikawaambia, leo hakuna kwenda mahali, tunaogelea na kulala. Na keshokutwa kila mtu anachagua kitu kimoja. Kimoja tu! Hicho lazima akipate, vingine ni nyongeza. Wa kati akachagua kigari cha reli kinachopanda mlima wa Everest wa kutengeneza halafu kinaporomoka. Mume wangu akasema anataka simba. Mama yao akataka kula chakula akiwa ameketi. Mimi nikaomba kivuli. Mkubwa akabetua mabega, “Chochote.” Kwa hesabu hiyo ikawa Animal Kingdom.

Tukaingia asubuhi na mapema. Katikati ya bustani kuna mti wa uhai, urefu wake mita 44, shina lote limechongwa wanyama zaidi ya 300. Ndani yake umejengwa kwa umbo la mtambo wa kuchimbia mafuta baharini, na majani yake zaidi ya 100,000 ni ya bandia. Tukauzunguka, tukavuka daraja, na hapo ndipo nikasimama.

Mbele yangu ulikuwa mji wa pwani! Kuta za chokaa zilizobanduka, mabati yenye kutu, mabango ya kuchora kwa mkono. Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika kabla ya kujenga, na mji wa Lamu ndio uliowapa sura ya mahali pale. Mji wenyewe wameuita Harambe. Ndiyo, Harambe, kwa “e” moja. Ile “e” ya pili ya Mzee Kenyatta nadhani ilizuiwa uwanja wa ndege kwa kukosa viza.

Wa kati akanivuta gauni. “Bibi, pale wameandika nini?” Nikasoma: Tamu Tamu. Nikamwambia maana yake. Akacheka, maana ni kibanda cha vitu vitamu kweli. Na pale? Kusafiri, duka la kahawa na mikate. Na pale? Dawa, yaani baa. “Dawa si ya wagonjwa, bibi? Mbona wanakunywa bia?” Nikamwambia kuna watu wanaumwa ugonjwa huo. Kufika Tusker House, mwanangu naye akachangamka akidhani wanauza ile bia ya Nairobi. Kumbe ni tembo mwenye pembe!

Sasa sikilizeni. Yule mkubwa, yule wa “chochote”, alikuwa nyuma yetu na simu yake. Mama mmoja wa Kimarekani alinisikia nikasoma, akaja kuniuliza neno jingine lina maana gani. Akaja na mwenzake. Nikajikuta mwalimu tena, nina darasa katikati ya Florida. Mara nasikia sauti ya mke mwenzangu mkubwa, anawaambia wale wageni kwa Kiingereza: “Ni lugha yetu. Huyu ni bibi yangu.”

Lugha yetu! Nikajifanya jasho limeniingia machoni.

Kuanzia hapo simu ikaingia mfukoni. Yeye ndiye akawa anatafuta maneno, mimi nasoma. Ndiye aliyeona maandishi yale, “Uhuru 1961”. Katika hadithi waliyoutungia mji wao, ndio mwaka wa uhuru. Nikamkalisha kwenye ukingo, nikamweleza kwamba mwaka huo si wa Lamu, Kenya walipata uhuru wao Desemba 12, 1963. Mwaka 1961 ni wetu Tanganyika, Desemba 9. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro, na mimi nilikuwa na miaka sita, nimebebwa mabegani na baba yangu pale Tanga, natazama watu wazima wakilia kwa furaha. Akaniuliza, “Ulikuwepo kweli?” Nilikuwepo, mke mwenzangu. Mji wa kutunga, lakini bibi ni wa kweli.

Tukapanda gari la Kilimanjaro Safaris. Dereva akatupokea na “Jambo!” nami nikamjibu “Sijambo, hujambo mwanangu?” Akacheka tu, hapo ndipo Kiswahili chake kilipokomea. Mbuga yenyewe ni ekari 110, haifiki hata nusu kilomita ya mraba, wakati Mikumi yetu ina kilomita za mraba 3,230. Lakini wanyama ni wa kweli. Twiga akapita karibu mpaka mume wangu akanikumbatia shingo. Na simba wake akamwona, kajilaza juu ya jiwe. Kwenda asubuhi kunasaidia, kabla jua halijawachosha wanyama.

Mibuyu ndiyo ya bandia. Basi nikafungua mkoba, nikatoa ubuyu mwekundu niliotoka nao Dar. Chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho, ilimradi si pombe wala chupa za kioo, na maji ya barafu ukiomba kwenye vibanda vya vinywaji wanakupa bure. Nusu saa baadaye wajukuu wote watatu midomo ilikuwa myekundu kama wamepaka rangi.

Mchana wenzetu wakaenda Everest. Pale lazima urefu wako ufike sentimita 112, na mume wangu hakufika. Alilia! Familia isiyo na bibi ina utaratibu wa mzazi mmoja kubaki na mtoto, kisha wanapokezana bila kupanga foleni yote upya. Sisi bibi alikuwepo. Tukapata kivuli, nikamtambia hadithi ya sungura na fisi nusu kwa Kiswahili, nusu kwa mikono. Kivuli changu nikawa nimekipata hivyo. Tukaondoka saa tisa alasiri kila mtu ana chake, na mama yao kala ameketi.

Kwa hiyo vijana wangu mlioko majuu, na nyie mnaopanga kwenda, nawapa ya bure. Mkitoka na watoto na bibi au babu yao, msihesabu michezo mingapi mtapanda. Pumzikeni siku moja katikati. Pimeni watoto urefu nyumbani, siyo mbele ya geti. Na tafuteni mahali ambapo mzee naye ana cha kuwaonyesha watoto, hata kama ni kibao kimoja ukutani. Halafu huko nyumbani ongeeni nao Kiswahili bwana, msingoje kulipia dola 100 ndipo wajue ni lugha yao!

Siku hizi mkubwa hunipigia Jumapili. Fataki hazitaji wala jumba la kifalme. Anataka neno jipya, analiandika kwenye daftari. Wiki iliyopita aliuliza “kusinzia”. Kisha mume wangu akanyakua simu, shikamoo hakuna, habari hakuna, swali lake ni moja tu: ubuyu unakuja lini?

Unakuja, mume wangu. Bibi anasubiri nauli ishuke.