Bei ya Nyumba na Bei ya Shida

Mambo tunayoandika hapa si sifa yetu. Mengine ni aibu yetu. Lakini tumeona vema kuyaandika, maana twajua ziko nyumba nyingi za Wakristo ambamo mume na mke huhesabu fedha usiku, wakitamani kuacha kupanga na kupata lupango lao wenyewe. Huenda yaliyotupata sisi yatawafaa na wao.

Sisi ni mume na mke. Mmoja hufundisha shule ya msingi, mwingine hushona nguo. Kwa miaka 11 tulipanga vyumba viwili Katuba, pamoja na watoto wetu watano. Kwa mshahara, kwa cherehani, na kwa likelemba tuliyocheza na akina mama wa jumuiya yetu, tulifikisha dola 10,500. Hatukuwa tumeshika fedha nyingi kama hizo maishani mwetu, wala hatukujua kununua nyumba huanzia wapi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2019 komisioneri mmoja, yaani dalali wa nyumba, alitupeleka Kasapa. Kila mtu wa Lubumbashi aijua Kasapa kwa mambo mawili: chuo kikuu na gereza. Kwa sababu ya chuo, wanafunzi hutafuta vyumba huko, na kwa hiyo bei ya nyumba haishuki kwa urahisi. Tulionyeshwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule, ya matofali ya kuchoma, katika lupango la meta 20 kwa 30. Palikuwa na miembe miwili, na nyuma kichuguu kikubwa kilichokatwa nusu. Udongo wake ndio uliofyatuliwa matofali ya nyumba ile ile, kama ilivyo desturi ya mji wetu.

Mwenyewe alikuwa mama mjane. Alitutandikia mkeka chini ya mwembe, akatuletea maji ya kunywa, akataja bei: dola 13,500.

Kabla ya siku ile tulikuwa tumeuliza mahali patatu karibu na pale. Nyumba kama ile, yenye hati kamili, iliuzwa kati ya 13,000 na 14,000. Basi mama yule hakupandisha bei ili kutudanganya. Lakini nyumba yake ilikuwa na kasoro. Malata yalikuwa ya zamani yenye kutu. Kisima kilikuwa kimekauka. Ukuta mmoja ulikuwa na ufa. Tena hati yake ilikuwa karatasi ya mkuu wa mtaa na ya komini tu. Sertifika ya ardhi haikuwapo.

Tulipotoka nje, komisioneri alitunong'oneza: “Mjukuu wake amelazwa hospitalini, na deni linaongezeka kila siku. Huyu mama ana haraka. Toeni 8,000, msiongeze upesi. Atakubali tu.”

Tuseme kweli. Hatukumhurumia. Moyoni tulifurahi. Mmoja wetu alisema, “Mungu ametufungulia mlango.”

Tulirudi chini ya mwembe, tukasema 8,000. Mama akasema, “Baba, hapana. Basi iwe 12,000.” Tukanyamaza. Tulikuwa tumefundishwa kunyamaza. Yeye akatazama mkeka, tukazidi kunyamaza. Mwisho tukasema 9,000, tukasimama kama watu wanaotaka kwenda zao. Hapo akasema, “Basi, Baba. Nimekubali.” Hakutuaga kama alivyotupokea.

Njiani tulicheka. Fedha zetu 10,500, nyumba 9,000, zilibaki 1,500. Tukahesabu: 900 za malata mapya, 600 za kuchimba kisima zaidi. Tazama, kila kitu kilikuwa mahali pake! Katika kitabu cha Methali imeandikwa habari za mnunuzi asemaye kitu ni kibaya, ni kibaya, kisha akienda zake hujisifu. Mnunuzi huyo alikuwa sisi.

Kwa kuwa malipo hufanyika mbele ya mashahidi, tulikwenda kwa mzee mmoja, katekista wa miaka mingi, tukamwomba awe shahidi wetu. Hapa twamwita Mwalimu tu. Alikubali, lakini akataka tumwandikie katika karatasi namna tulivyofika kwenye 9,000.

“Mwalimu, tulipatana,” tukajibu.

“Najua mlipatana. Niandikieni.”

Tukaandika. Bei yake 13,500. Malata, toa 900. Kisima, toa 600. Ufa wa ukuta, toa 300. Kutafuta sertifika ya ardhi, kupima lupango na kulipa malipo ya Serikali, toa 1,200. Jumla ya kasoro ilikuwa 3,000. Mwalimu akavaa miwani yake, akaandika chini: 10,500.

“Nanyi mmepatana 9,000. Hizi 1,500 zilizobaki ni za kasoro gani ya nyumba?”

Tukatafuta la kusema. Tukasema komisioneri alitushauri hivyo. Tukasema ndiyo biashara. Tukasema mwenyewe amekubali, hakuna aliyemshika mkono. Mwalimu akangoja tumalize, kisha akasema polepole: “Zile 3,000 zina majina yake: malata, kisima, ufa, hati. Hizi 1,500 nazo zina jina. Jina lake ni yule mtoto aliyelala hospitalini.”

Hatukujibu neno. Tulirudi nyumbani bila kucheka.

Wasomaji, msidhani Mwalimu alitukataza kupatana bei. Kupatana si dhambi. Muuzaji hutaja akijua atapunguziwa, mnunuzi hupunguza akijua ataongeza. Ni mazungumzo ya watu wawili. Naye mwenye fedha kidogo ana wajibu wa kuzilinda kwa ajili ya watoto wake. Neno ni hili: unapunguza kwa ajili ya nini?

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliliandika waziwazi. Alifundisha kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu mnunuzi ana shida kubwa ya kile kitu, maana hiyo shida si mali yake hata aiuze. Sisi twaongeza: ikiwa muuzaji hana ruhusa ya kuuza shida ya mnunuzi, basi mnunuzi naye hana ruhusa ya kununua shida ya muuzaji.

Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alisema hivyo hivyo juu ya mshahara: mfanyakazi anayepokea malipo haba kwa kuogopa njaa amedhulumiwa, hata kama amekubali kwa kinywa chake. Mwaka 1967 Baba Mtakatifu Paulo wa 6 alilipeleka fundisho hilo kwenye biashara za mataifa. Mafundisho haya sisi watu wa mji wa shaba twayapenda yanapowahusu wakubwa wa migodi. Chini ya mwembe wa Kasapa, wenye nguvu tulikuwa sisi.

Lakini kutubu kulikuwa na bei yake. Zile 1,500 ndizo zilizokuwa paa letu na kisima chetu. Tulibishana siku mbili. Mmoja alisema, “Watoto wetu walale chini ya malata yanayovuja?” Mwingine akasema, “Na walale chini ya malata ya nani?” Siku ya tatu tulirudi kwa mama bila komisioneri.

Tulimwambia: “Mama, siku ile tulikuonea. Hii hapa hesabu ya kasoro za nyumba. Bei yake ni 10,500, nasi ndizo tulizo nazo zote.”

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: “Baba, Mama, nami nina neno. Mmekuja wakati wa kiangazi. Mngalikuja mwezi wa kwanza mngaliona. Mvua ikinyesha sana, maji ya barabarani hupita uani, yakaingia chumba cha nyuma. Komisioneri alinikataza kuwaambia. Nami nilisema moyoni, ikiwa hawa wananipokonya, kwa nini niwaambie?”

Kumbe! Sisi tulinunua shida yake, naye alituuzia mafuriko. Tomaso yule yule alifundisha kwamba muuzaji asifiche kasoro itakayomletea mnunuzi hasara. Tulikwenda nyuma pamoja, akatuonyesha alama ya maji ukutani aliyoipaka chokaa. Fundi mmoja alisema mfereji wa mawe utagharimu 400. Basi tukaandika tena: 10,500, toa 400, ni 10,100. Safari hii alituaga mpaka barabarani.

Sasa machache kwa wale ambao bado hawajanunua.

Kwanza, jueni mnanunua nini. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi ya nchi yetu ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, nayo yaweza kuwa ya daima. Hati inayothibitisha haki hiyo ni sertifika ya uandikishaji itolewayo na konservateri wa hati za ardhi, na baada ya miaka miwili haivunjiki kwa urahisi. Karatasi ya mtaa husaidia, lakini haitoshi. Basi bei ya nyumba isiyo na sertifika isiwe sawa na ya nyumba iliyo nayo.

Pili, ulizeni warithi. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 huwahesabu watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, na mjane ana haki yake pia. Mjane akiuza peke yake, kesho kesi itabisha mlangoni. Watoto wanne wa mama yule, wote watu wazima, walitia sahihi mbele yetu.

Tatu, mfahamuni dalali. Wetu alipaswa kupata sehemu moja katika kumi. Bei ikishuka kwa 1,500, yeye apoteza 150 tu. Biashara ikivunjika, apoteza zote. Ndiyo sababu alitaka mama akubali upesi, nasi tusijue habari ya maji. Si lazima awe mtu mbaya, lakini shauri lake lafuata faida yake.

Nne, tazameni nyumba wakati wa mvua, au waulizeni majirani habari za mvua. Kiangazi huficha mengi.

Tano, hesabuni fedha mchana, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Angalieni kila noti, maana dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa na watu. Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, akaiweka katika chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Nabii wa Mungu hakuona aibu kutunza karatasi.

Tulihamia Kasapa mwezi wa Oktoba mwaka ule, mfukoni zikiwa zimebaki dola 400, nazo zikaenda katika mfereji. Mvua za kwanza ziliingia kwa juu, si kwa chini. Tuliweka masufuria sakafuni, watoto wakalala wamebanana upande mkavu, na mara nyingine tulinung'unika, hatufichi. Malata mapya tuliyaweka mwaka 2021, sertifika tuliipata mwaka 2022. Kisima tulichimba mwisho wa yote.

Mjukuu wa yule mama alitoka hospitalini. Kama angetoka vilevile kwa zile 9,000 hatujui, wala si kazi yetu kujua. Mama hupita kwetu msimu wa maembe, maana miti ile aliipanda yeye. Huingia bila kubisha hodi kwa aibu, nasi humpokea bila kutazama chini. Tukiulizwa nyumba yetu tulinunua kwa kiasi gani, twajibu bila kusitasita.

Ninyi mtakaokwenda kutaja bei, chukueni karatasi. Andikeni kila mnachopunguza na jina lake. Mkifika kwenye fedha zisizo na jina katika nyumba ile, simameni hapo. Mungu aliye Baba wa wajane na yatima atujalie sote paa la halali juu ya watoto wetu.