Kisagio cha kahawa cha kupeleka Kwa Mathias

Ndugu wa Kwa Mathias, kule Kibaha, akimuuliza jamaa aliyeko Ujerumani anunue kisagio gani cha mkono, aghalabu hujibiwa kana kwamba naye anaishi Ujerumani: Comandante kama mfuko unaruhusu, maana bei yake mara nyingi inapita euro 200, na Timemore kama hauruhusu. Kwa jiko la Ulaya jibu hilo halina ubaya. Kwa nyumba ya Kibaha naliona limekosea, wala si kwa sababu ya bei peke yake. Kisagio huchaguliwa kwa kutazama chombo kitakachopika kahawa.

Huku ughaibuni wengi wanaojisagia huchuja kwa karatasi. Maji hupita kwenye unga dakika tatu au nne, basi. Kwa muda huo mfupi punje kubwa haijatoa utamu wake, inaacha uchachu, wakati vumbi limeshatoa kila kitu hadi uchungu. Ndiyo maana watu hulipia meno ya chuma yaliyochongwa kwa makini, yasage punje zilingane. Tena buni za huku siku hizi hukaangwa kidogo tu, zinabaki ngumu, na kisagio dhaifu huuchosha mkono. Kahawa chungu ya kwetu huchemshwa. Unga unatokota ndani ya birika pamoja na tangawizi, na hadi kimiminwe kikombe cha kwanza, punje kubwa na ndogo zimekaribia kutoa sawa. Mashapo yanabaki chini. Uchungu wake ndio unaotafutwa, na kashata ipo ya kuutuliza. Buni iliyokaangwa ikawa nyeusi nayo huvunjika bila shida. Basi zile sifa mbili zinazopandisha bei Ulaya, birika halizihitaji sana.

Atauliza mtu: kwa nini kisitumike kinu na mchi? Kinatosha. Waethiopia wengi wanatwanga buni zao hadi leo, na nani atawafundisha kahawa? Ila kutwanga ni kazi ya jasho, kwa hiyo mtu hutwanga ya siku nyingi, na kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi, hasa kwenye unyevu wa Pwani. Kisagio kinakuwezesha kusaga ya birika moja tu. Africafé, ile kahawa ya unga wa kuyeyuka, siibezi, lakini hicho ni kinywaji kingine. Blenda hukatakata, na inangoja umeme. Wapo pia wanaodai kwamba kuchemsha ni kuiharibu kahawa, kwamba kisagio cha kifahari kitawafundisha ndugu kuchuja. Omani na Uturuki wamechemsha karne nyingi. Sioni aliyewaonea huruma. Mwenye chupa ya kahawa yenye chujio la kusukuma, huyo kweli anahitaji punje kubwa zinazolingana, na ushauri wa Ulaya unamfaa.

Kwa wengine, la kwanza ni ujazo. Visagio vingi vya kubebeka huchukua gramu 20 hadi 40, kipimo cha mtu mmoja au wawili. Birika la lita moja linaweza kutaka gramu 60, na wageni hawajafika bado. Afadhali kile kipana chenye sanduku la mbao, au cha kufungwa ukingoni mwa meza. Hakikisha kinasaga laini kabisa. Meno ya kauri hayapati kutu, lakini yakianguka kwenye sakafu ya saruji yanaweza kuvunjika. Ya chuma yasafishwe kwa brashi kavu, si kwa maji. Na aambiwe mapema yule atakayekiona kinafaa kwa karanga: mafuta yake hung'ang'ania kwenye meno, yakachacha, na mabirika yatakayofuata yatanuka karanga.