Joto Peke Yake Halimtoshi Chatu

Wenzetu mliobaki nyumbani mkisikia kwamba likizo ya Noeli tuliimaliza tukimtunza nyoka, swali lenu la kwanza huwa moja: mlimpatiaje joto katika baridi ile? Hakuna anayeuliza habari za unyevu. Jibu letu ni kwamba joto lilikuwa limepangwa kabla hatujafika. Unyevu ndio uliotutoa kitandani alfajiri.

Tuko mafrateri wawili, mmoja wa Tanga na mwingine wa Kakamega, tuliotumwa na majimbo yetu kusoma falsafa Marekani. Wakati wa likizo tunakaa katika parokia moja ya Minnesota yenye Misa ya Kiswahili, kwa kuwa ina familia nyingi za Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Baba mmoja kati yao alifiwa na kaka yake aliyekuwa akiishi mbali, na familia nzima ikaenda msibani kwa siku kumi. Kijana wao wa miaka 13 alikuwa na chatu aliyeachiwa na jirani aliyehama. Jamaa wote waliombwa wamwangalie, wote wakakataa. Mama mwenyewe hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba kile tangu nyoka aingie. Kwao Uvira, nyoka akionekana ndani ya nyumba wazee huitwa.

Basi kijana akatufuata baada ya Misa, akazungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwenye kiti cha maungamo. Baba yake alikwisha kumwambia kwamba nyoka huyo akifa, hakuna mnyama mwingine atakayeingia nyumbani. Na macho ya chatu yalikuwa yamegeuka rangi ya maziwa, dalili kwamba karibu atajivua gamba. Mara iliyopita gamba lilitoka vipandevipande na kuacha pete kavu kwenye ncha ya mkia. Pete kama hiyo ikirundikana juu ya nyingine hubana damu, na ncha ya mkia huweza kufa. (Watanzania wa rika letu, maneno “kujivua gamba” tuliyasikia kwanza kwenye siasa za mwaka 2011. Kumbe nyoka mwenyewe ana shida zake.)

Chatu huyu ni mwenyeji wa Afrika, na wengi wanaouzwa duniani hutoka Ghana, Togo na Benin. Hana sumu, kwa kawaida hazidi mita moja na nusu, na akiogopa hujiviringa kama mpira akaficha kichwa katikati. Mjini Ouidah, Benin, wapo katika hekalu la chatu linalotazamana na basilika ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Yule wa Kakamega hakuamini mpaka alipoona picha.

Ukiambiwa anatoka savana unafikiri ukavu. Lakini mchana haishi juani. Hushinda katika mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na humo ndani, hata upepo wa harmatani ukipasua watu midomo huko nje, udongo hubaki na unyevunyevu. Minnesota ni kinyume chake kabisa. Nje kulikuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri. Hewa ya baridi hiyo haibebi maji ya maana. Ukiiingiza ndani na kuipasha mpaka nyuzi 21, maji yanabaki yaleyale kidogo, ila hewa sasa ina kiu. Kipima unyevu tulichokiweka sebuleni kilisoma asilimia 18. Chatu anahitaji kama 60, na anapokaribia kujivua, 70 hivi. Tena kila unapoongeza joto ndani ya kasha, unaiongezea hewa kiu. Ndiyo maana watu wema huwakausha nyoka wao: wanamwona amejikunja, wanamhurumia, wanawasha taa nyingine.

Kwenye joto kijana alikuwa fundi. Chini ya upande mmoja wa kasha aliweka pedi ya umeme iliyounganishwa na kidhibiti joto, na alituonya tusikiguse, kwa sababu pedi isiyodhibitiwa humuunguza nyoka tumbo naye asiondoke upesi. Upande huo ulikuwa nyuzi 32, upande wa pili 26. Kwa maoni yetu tofauti hiyo ndiyo kiini cha utunzaji wote. Nyoka hajitengenezei joto kama sisi. Akila huenda penye moto ili chakula kimeng'enywe, akitosheka hurudi penye ubaridi. Ukilipa kasha zima joto moja, hata kama ndilo sahihi kitabuni, umemnyang'anya uamuzi wake. Aristotle anatufundisha kwamba kitu cha asili kina ndani yake chanzo cha mwendo na cha utulivu. Tuliyasoma hayo kwa ajili ya mtihani. Pale tuliyaona yakitambaa taratibu kutoka 26 kwenda 32, saa tatu usiku.

Unyevu ndio uliohitaji mikono. Mfuniko wa kasha ulikuwa wavu, mvuke wote ukipaa. Tukafunika theluthi mbili kwa karatasi ya aluminiamu na kuacha iliyobaki, maana unyevu usio na hewa huzaa ukungu. Chini kulitandazwa makumbi ya nazi yaliyosagwa, jambo lililomchekesha yule wa Tanga: pwani kwao makumbi hufukiwa matopeni yasokotwe kamba, huku yanauzwa kwa dola yamebanwa kama tofali. Hatukunyunyiza maji juu. Kunyunyiza hupandisha kipimo kwa muda mfupi tu, kisha kinashuka, na tumbo la nyoka linalala kwenye majimaji mpaka lipate vidonda. Tulimimina maji pembeni, kwenye kona nne, yakazama. Juu pakabaki pakavu, chini pakawa kama udongo wa kichuguu. Halafu tukatoboa mlango kwenye kopo kubwa la plastiki, tukalijaza makumbi mabichi nusu, ili akitaka unyevu zaidi aingie mwenyewe.

Siku ya tano macho yakawa meusi tena. Katika kitabu chake juu ya wanyama, Aristotle huyohuyo anaandika kwamba gamba huanza kutoka machoni, na asiyejua hudhani nyoka anapofuka. Siku ya sita usiku baridi ilizidi, tanuri ya nyumba ikanguruma bila kupumzika, na alfajiri tukakuta kipimo kimeshuka mpaka 44. Kutoka nyumba ya mapadre ni dakika tano kwa miguu, lakini dakika tano za Minnesota mwezi Desemba si za Tanga. Tukaongeza maji, tukasali Masifu ya Asubuhi palepale kwenye zulia la kijana, tukisubiri namba ipande. Ilipofika 61 tuliondoka.

Siku ya nane tulikuta gamba kando ya kopo, limegeuka ndani nje kama soksi, zima. Tulilimulika kwa tochi: vifuniko viwili vya macho vimo. Pete ya mkiani ilikuwa imeachia upande mmoja na kung'ang'ania upande wa pili. Hatukuivuta.

Familia iliporudi, kijana alilishika gamba muda mrefu bila kusema neno. Mama alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

“Frateri, ile namba iko ngapi?”

“Sitini na mbili, mama.”

“Basi mufunge mulango. Itashuka.”

Pete ile ilitoka na gamba lililofuata, mwezi wa Februari. Ncha ya mkia ni nzima.