Kufundisha Habari za Kovu la Figo

Ndugu mwanafunzi-mwalimu, maandalio mengi ya somo niliyoyakagua wakati wa mazoezi ya kufundisha huimaliza habari ya figo kwa sentensi moja: figo huchuja damu na kutoa mkojo. Sentensi hiyo ni ya kweli, na mtoto akiinakili atapata alama yake. Lakini si ajabu kumkuta darasani mtoto ambaye mzazi wake anaugua figo, naye anataka kujua jambo ambalo sentensi ile haimwambii: kiungo kilichokuwa kikifanya kazi kimeachaje kuifanya?

Jibu, kwa sehemu kubwa, ni kovu. Na kovu kila mtoto analijua. Anza basi na magoti yao. Kila mmoja atataka kusimulia alivyoanguka, waache kidogo. Kisha uliza: ni nani aliyeziamuru chembe hai zizibe jeraha, na ni nani aliyeziambia ziache?

Swali hilo la pili ndilo kiini cha somo. Chembe hai hazina macho wala masikio, bali hupelekeana habari kwa kemikali. Chembe iliyoumia hutoa protini, na mojawapo huitwa TGF-beta. Protini hiyo hushika kwenye vipokezi vilivyo juu ya chembe nyingine. Ndani ya chembe hiyo protini ziitwazo Smad huichukua amri mpaka kwenye kiini, na chembe huanza kutengeneza nyuzi ngumu za kolajeni. Mwaka 1986 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Anita Roberts na Michael Sporn, walieleza jinsi protini hiyo ilivyodungwa chini ya ngozi ya vitoto vya panya: baada ya siku mbili tatu tu, nyama ya kovu ilikuwa imeanza kuota pale pale.

Gotini, jeraha likifunga, amri hupungua na chembe nyingi za ukarabati hufa. Katika figo ya mwenye kisukari au shinikizo la damu madhara huendelea siku hata siku, na amri huendelea nayo.

Mtoto mmoja wa Darasa la Sita aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kovu la goti langu halinisumbui. Mbona la figo linaua?" Darasa zima lilinyamaza, maana wote walijua kuwa baba yake alikuwa akipelekwa hospitali mara tatu kwa juma kusafishwa damu kwa mashine. Nilimjibu kwa kutazama kazi za viungo. Kazi ya ngozi ni kufunika, na kovu hufunika. Kazi ya figo ni kuchuja, na kovu halichuji.

Wengi hupenda kuonyesha chujio la chai lililoziba. Mimi sikipendi kielelezo hicho, kwani mtoto huamini kuwa uchafu umetoka nje na kwamba maji mengi yatauzibua. Afadhali kitambaa cha kuchujia tui. Kitoboe matundu, uwape watoto washone kiraka cha turubai juu ya kila tundu, kisha wamimine maji. Kila kiraka kimeshonwa kwa nia njema, lakini maji hayapiti. Hapo ndipo tarakimu zinapopata maana: kila figo ina vichujio, yaani nefroni, wastani wa 1,000,000, figo mbili huchuja lita 180 hivi kwa siku na kurudisha karibu zote mwilini, na nefroni ikishakufa haioti nyingine.

Usimwache mtoto akadhani kuwa amri yenyewe ni adui. Mwaka 1990 Wayne Border na wenzake walionyesha kuwa panya wenye ugonjwa wa figo wakipewa kinga dhidi ya TGF-beta hupata kovu dogo zaidi. Lakini mwaka 1992 ilielezwa kwamba panya waliozaliwa bila aina ya kwanza ya protini hiyo hufa baada ya majuma machache, miili yao ikiwa imevimba ndani, kwa kuwa amri hiyo hiyo huzuia pia uvimbe. Yamkini ndiyo sababu mojawapo iliyofanya dawa ya kuizuia, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari na kutolewa taarifa mwaka 2017, isilete nafuu iliyotarajiwa. Dawa zinazosaidia kuchelewesha kovu ni pamoja na zile zinazoizuia angiotensini, kemikali inayopandisha shinikizo la damu na kuchochea TGF-beta. Mojawapo ni kaptoprili, ambayo faida yake kwa figo za wenye kisukari ilithibitishwa mwaka 1993.

Kipindi kimoja hakitoshi kwa haya yote. Katika kipindi cha pili mwombe mganga wa zahanati iliyo jirani aje na kipimo cha shinikizo la damu, akupime wewe mbele ya darasa. Bila shaka watauliza kwa nini unapimwa nawe huumwi. Waambie kwamba figo huweza kuingia kovu miaka mingi bila kuuma.