Neno Moja Mahali pa Mengi

Kama unaye mtoto wa sekondari, bila shaka umeiona katika daftari lake orodha ya maneno ya Kiingereza ambayo kila moja hushika mahali pa maelezo marefu. Majuma mawili ni ‘fortnight’, ambalo asili yake ni usiku kumi na nne tu. Mwandiko usiosomeka ni ‘illegible’. Kuyakariri kama kasuku ni kazi bure: jioni anayo, asubuhi hana. Mimi humtaka kitinda mimba wangu atafute kwanza neno letu. Yatima, mjane, tasa: hayo humkaa upesi. Pengine Kiingereza ndicho kinachorefuka, kwani hakina neno moja la wifi, wala la mtondo.

Juma lililopita tulifika kwenye ‘posthumous’, neno litumikalo kwa mtoto aliyezaliwa baada ya baba yake kufariki. Nilinyamaza, maana ndivyo alivyozaliwa yeye. Akaliandika polepole, kisha akauliza Kiswahili chake. Tumewauliza wazee wawili wa mtaani. Wote wametupa maelezo, neno bado.