Injini Inayopumua Kupita Kiasi

Wengi wetu huku Likunja tukiona moshi watoka katika tundu la kutilia oili, husema mara moja, "Injini hii imekufa." Neno hilo limewafanya watu wauze magari yao kwa bei ya chuma chakavu, na wengine limewafanya watumie fedha za korosho za msimu mzima kufungua injini isiyokuwa na ugonjwa. Kwa hiyo nataka kueleza habari za pumzi ya injini ya dizeli, jinsi inavyozidi, na jinsi ya kutafuta sababu yake kwa utaratibu. Mimi ni mwalimu wa shule, si fundi. Lakini jambo hili nimeliona kwa macho yangu.

Kwanza yatupasa kuijua kazi yenyewe. Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche ya umeme. Pistoni hupanda katika silinda na kuikandamiza hewa hata ikawa ya moto sana, ndipo mafuta hunyunyizwa ndani, yakawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeibuni, na injini yake ilijaribiwa ikafaulu mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Moto ule huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pistoni imevikwa ringi za chuma zinazoziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda, lakini hakuna ringi inayoziba kabisa. Hata katika injini mpya gesi kidogo hupenya, ikashuka mahali pa krankshafti na oili. Ndiyo sababu pakawekwa bomba la kupumulia, gesi ile ipate kutoka. Basi kupumua si ugonjwa. Ugonjwa ni kupumua kupita kiasi, au kukosa njia ya kupumua.

Gesi ikizidi huko chini, hutafuta mlango. Oili huanza kuvuja katika sili za krankshafti, na kijiti cha kupimia oili husukumwa juu. Tena iko hatari kubwa zaidi. Ikiwa bomba la kupumulia limeunganishwa na njia ya hewa, mvuke wa oili waweza kuvutwa ndani ya silinda ukawaka kama mafuta. Hapo injini yaweza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, kasi ikazidi, isizimike hata ukiufunga ufunguo. Dawa yake ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kingine kigumu, wala si kwa mkono.

Mzee mmoja jirani yangu ana gari la dizeli la zamani. Mchana hubeba ufuta na korosho, na usiku mtu akizidiwa hupelekwa nalo hospitali. Msimu mmoja likaanza kutoa moshi kwa wingi, na sili ya nyuma ikavuja. Fundi aliyeitwa akakata shauri kwamba ringi zimekwisha, na injini yote haina budi kufunguliwa. Gharama aliyoitaja ilikuwa kubwa kuliko mavuno ya mwaka ule. Mzee akanijia jioni, akasema, "Mwalimu, kitabu cha gari hili ni cha Kiingereza. Nisomee kabla sijaweka mikorosho yangu rehani." Nikamwitikia, "Vema, Mzee, tutasoma pamoja." Tukamwita na mpwa wake, kijana aliyejifunza ufundi, tukaanza.

Kitabu kilituelekeza tuanze na bomba la kupumulia. Tulipolifungua tulilikuta limejaa utando mweusi wa oili na vumbi, na mdomoni mwake nyigu wamejenga kwa udongo. Tukaliosha kwa dizeli, tukalikausha, tukalirudisha. Siku zote yafaa kuanza hapa, kwa kuwa injini nzima kabisa, bomba lake likiziba, itavuja oili kama mbovu. Kuvuja kulipungua, lakini pumzi ilikuwa bado nyingi.

Kijana akafanya jaribio linalojulikana sana: injini ikiwa ya moto na yazunguka polepole, aliufungua mfuniko wa oili akauweka juu ya tundu bila kuukaza. Mfuniko ukicheza kidogo, si neno. Ukirushwa, pumzi ni nyingi. Wetu ulirushwa. Lakini jaribio hili halitoshi kuhukumu injini, maana katika injini nyingine mitikisiko ya vyuma vilivyo chini ya tundu hilo huuchezesha mfuniko, wala haielezi pumzi yatoka wapi.

Ndipo tukatengeneza kipimo. Tulitwaa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukaufunga juu ya ubao kwa umbo la herufi U, tukautia maji nusu. Ncha moja tukaiunganisha na tundu la kijiti cha oili, na ya pili tukaiacha wazi. Gesi ikisukuma, maji hushuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Tofauti ya sentimita 10 ni karibu kilopaskali 1, yaani kama sehemu moja ya mia ya mgandamizo wa hewa ituzungukayo. Kiasi kinachokubaliwa si kimoja kwa injini zote. Kila moja ina chake kitabuni. Sisi tulitia alama ya wino mahali maji yaliposimama, tupate kuona kila tendo linaleta badiliko gani.

Sasa nasema jambo ambalo wengi hawalifikiri. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mvuto wa kutosha katika njia yake ya hewa kuisaidia breki. Kwa hiyo magari mengi ya dizeli yana pampu ndogo ya kuvuta hewa kwa ajili ya breki, na mara nyingi pampu hiyo huitoa hewa yake ndani ya injini pamoja na oili inayoilainisha. Mpira wake ukipasuka, huvuta hewa ya nje pasipo kukoma na kuijaza injini. Tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukauchomoa mpira ule, tukaliziba tundu la pampu. Mara maji yakashuka mbali na alama yetu!

Tulipouchunguza mpira tukaona ufa upande wa chini, mahali uliposuguana na chuma. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo sababu breki imekuwa ngumu. Nilidhani ni mguu wangu unaozeeka." Hapo sote tukaona kwamba habari haikuwa ya moshi na fedha tu. Gari lile lilikuwa likichukua wagonjwa usiku, nalo halina msaada wa breki. Tena kama injini ingefunguliwa na kutiwa ringi mpya, ufa ungebaki pale pale. Mpira mpya wa kazi hiyo hiyo ulinunuliwa, maana mpira wa maji hunywea ukivutwa. Sili ya nyuma, kwa kuwa ilikwisha umia, nayo ilibadilishwa.

Je, maji yasingaliposhuka? Tungaliitafuta silinda yenye kosa. Fundi hupima mkandamizo kwa geji ya dizeli, maana ya petroli haina nguvu ya kutosha. Silinda moja ikipungua peke yake, yawezekana pistoni yake imepasuka au ringi imevunjika. Zote zikipungua sawasawa, ni kulika kwa miaka mingi. Au hutia hewa ya kompresa katika silinda, valvu zote zikiwa zimefungwa, akasikiliza: ikilia katika tundu la oili, ni ringi au pistoni; ikilia katika bomba la moshi, ni valvu; maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi au ufa. Kwa gari lenye tabo, sili zake pia huweza kupitisha gesi.

Ringi huliwa hasa na vumbi, na vumbi la barabara zetu kati ya Ruangwa na Nachingwea kila mtu alijua. Chujio la hewa lililotoboka, au mpira wake uliolegea, huingiza mchanga silindani kama msasa. Wazee wa Nachingwea husimulia mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kukomeshwa mwaka 1951. Mengi ya matrekta yaliyoletwa nchini kwa mpango ule yalikuwa yamekwisha tumika kwingine, yakaharibika upesi. Wingi wa mashine haukuwa badala ya utunzaji.

Basi, ndugu, ukiambiwa injini yako imekufa, usikasirike wala usimdharau fundi. Muulize kwa adabu, "Umepima nini?" Kisha mwombe aanze na bomba la kupumulia, afuate pampu ya breki, apime silinda moja moja, na kufungua injini kuwe kwa mwisho. Kuuliza si ujinga, na mpira wa breki ni rahisi kuliko mikorosho.