Mizani ya Herufi

Utotoni mwangu, kule Mombasa, maalimu aliyenifunza kutunga mashairi alikuwa akikuta neno lisilomridhisha katika mshororo wangu hulifuta, akatia badala yake jingine lenye mizani ile ile: "mpenzi" likampisha "habibi", tatu kwa tatu, na mshororo ukasimama vile vile, lakini siku niliyothubutu kutia "mahabuba" alinikatiza papo hapo, kwani mizani ya nne haikuwa na pa kukaa.

Somo hilo lilinirudia mwaka 2005, nilipokuwa nikipanga mashairi ya wazee wetu katika ukurasa wa intaneti, ukwapi upande huu na utao upande ule, nikiyapimia nafasi kwa fonti ya Arial. Nilipoufungua ukurasa huo katika kompyuta ya sahibu yangu, iliyotumia Linux na Arial haimo, nilikuta kivinjari kimetwaa fonti nyingine iliyo pana zaidi, na vina vya mwisho vimeporomoka mstari wa chini, kimoja baada ya kimoja, mfano wa shanga zilizokatika uzi. Moyo uliniuma, maana shairi lililonyimwa vina vyake limedhulumiwa.

Faraja ilikuja mwaka 2007, kampuni ya Red Hat ilipotoa fonti za Liberation, ambazo kila herufi yake, ijapokuwa sura ni nyingine, huchukua upana sawasawa na mwenzake wa Arial, Times New Roman au Courier New. Wala hikima hiyo haikuwa ngeni: Arial yenyewe, iliyochorwa mwaka 1982, ilipewa vipimo vya Helvetica, fonti ya Uswisi ya mwaka 1957, na atakaye kuzipambanua na aitazame ncha ya juu ya herufi "t", ambayo Arial imeikata mshazari na Helvetica imeinyoosha.

Kisha zikaenea fonti zinazopakuliwa pamoja na ukurasa, msomaji akawa anaanza kusoma kwa fonti ya akiba, mara mistari ikamruka machoni fonti yenyewe ilipowasili. Mwaka 2021 Chrome na Firefox zikaongezewa amri ya kuikuza au kuipunguza fonti ya akiba kwa asilimia. Ni msaada mkubwa, ila hukaribia tu, kwa kuwa huipima fonti kwa jumla, si herufi kwa herufi.

Kwa sababu hiyo mashairi yale hata leo nayapangia Arial, nikijua kwamba mtumiaji wa Linux asiyekuwa nayo kwa kawaida atapewa Liberation, naibu wake. Na maalimu wangu, aliyefariki dunia kabla ya kuiona kompyuta, angalimkubali naibu huyo baada ya kumhesabu mizani.